Simba wa Filamu na Simba wa Kreta: Kupima Afya ya Kibiashara ya The Lion King kutoka Njia ya Karatu

1. Utangulizi

Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hukata mashamba ya ngano na kahawa ya Karatu, na kufika katika lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro. Eneo hilo dogo lina utajiri wa lugha usio wa kawaida. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi. Kidatoga na Kimaasai ni vya jamii ya Kiniloti. Kihadza cha bonde la Eyasi hakina ndugu anayekubaliwa na wataalamu wote. Na Kiswahili, ambacho ni cha Kibantu, ndicho kiungo cha wote hao. Kiswahili hicho hicho ndicho lugha ya Kiafrika ambayo mgeni kutoka Ulaya au Marekani hudhani tayari anaijua. Kabla hajashuka garini ana maneno kama simba, rafiki na hakuna matata, na aghalabu hakuyapata darasani wala katika kamusi. Aliyapata katika sinema.

Sinema hiyo ni The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994. Tangu hapo imezaa filamu nyingine, tamthilia za televisheni, mchezo wa jukwaani na bidhaa zisizohesabika, hata ikawa ni ukoo mzima. Mhadhara huu unautazama ukoo huo kama biashara na unauliza swali moja: baada ya miongo mitatu, biashara hiyo ina afya gani, na ni kipimo kipi kinachofaa kuijua? Swali hili huachiwa wahasibu na waandishi wa habari za sinema. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba linawahusu pia wanaisimu, kwa sababu sehemu ya mtaji wa biashara hii ni maneno, na maneno hayo yana wenyewe.

2. Filamu zilizotangulia

The Lion King haikuwa ya kwanza kuuza Afrika Mashariki kwa watazamaji wa mbali. Neno simba lilikwisha kuwa jina la filamu ya Martin na Osa Johnson mwaka 1928, na likatumiwa tena na Waingereza mwaka 1955 katika filamu iliyohusu vita vya Mau Mau nchini Kenya. Kwa hiyo neno lilikuwa limeingia katika soko la sinema zaidi ya miaka 60 kabla ya Disney kulichukua.

Kwa upande wa Ngorongoro, historia huanza hasa na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Wajerumani hao walifika na ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama kutoka angani na kupiga picha za filamu yao kuhusu Serengeti. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilianguka na Michael akafariki. Alizikwa ukingoni mwa Kreta, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, alilazwa hapo hapo. Filamu ilitoka mwaka huo wa 1959, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mwaka 1959 ndio pia ambapo Ngorongoro ilitengwa na Serengeti kisheria, ili wafugaji na wanyamapori waishi katika eneo moja.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1962, ilitoka Hatari! ya Howard Hawks, ambamo John Wayne aliigiza mkamataji wa wanyama wa kuuzwa kwa mabustani ya wanyama. Ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, na jina lake ni neno la Kiswahili lisilotafsiriwa. Hatari! haikuendelezwa. Ilibaki filamu moja, na afya yake kibiashara ilijulikana mara moja kwa hesabu ya tiketi. Filamu ya Grzimek nayo haikuzaa ukoo wa majina na bidhaa, lakini athari yake haikuishia kwenye tiketi: ilijenga picha ya nyika ambayo watalii wa vizazi vilivyofuata walikuja kuitafuta. Tofauti hiyo ni ya msingi. Kuna filamu inayouzwa, na kuna filamu inayofanya vitu vingine viuzike. The Lion King ilikuja kuwa yote mawili.

3. Daftari la mapato

Ukoo wa The Lion King una matawi mengi. Filamu ya kwanza ilifuatwa na tamthilia ya televisheni ya Timon na Pumbaa kuanzia mwaka 1995, mchezo wa jukwaani uliofunguliwa Broadway mwezi Novemba 1997, filamu mbili zilizouzwa moja kwa moja kwa kanda na diski mwaka 1998 na 2004, tamthilia ya watoto ya The Lion Guard kati ya mwaka 2015 na 2019, filamu ya kwanza iliyoundwa upya kwa teknolojia ya kompyuta mwaka 2019, na Mufasa, iliyoongozwa na Barry Jenkins, mwezi Desemba 2024.

Kwa mujibu wa takwimu za tiketi zilizochapishwa, filamu ya mwaka 1994 iliingiza takriban dola milioni 760 duniani katika toleo lake la kwanza, na kwa kurudiwa kwake baadaye ikavuka dola milioni 960. Filamu ya mwaka 2019 iliingiza takriban dola bilioni 1.66. Mufasa iliingiza takriban dola milioni 720. Mtu akiyapanga mapato hayo kama yalivyo, ataona mlima: kupanda hadi kileleni mwaka 2019, kisha kuteremka zaidi ya nusu katika miaka mitano. Atahitimisha kwamba ukoo unaugua.

Hata hivyo, daftari hilo lina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni thamani ya fedha. Dola ya mwaka 1994 ilinunua zaidi ya mara mbili ya kile inachonunua dola ya mwaka 2024. Mapato ya toleo la kwanza yakibadilishwa kwa thamani ya mwaka 2024 hukaribia dola bilioni 1.6. Kwa hesabu hiyo, Mufasa haikufikia hata nusu ya filamu iliyozaa ukoo.

Mtego wa pili ni gharama. Filamu ya mwaka 1994 iligharimu takriban dola milioni 45, na kila dola iliyowekwa ikarudi na mapato ya dola 17 hivi. Ile ya mwaka 2019 iligharimu takriban dola milioni 260, na kila dola ikaleta sita na ushei. Mufasa, kwa gharama ya takriban dola milioni 200, ilipata kiasi cha tatu na nusu kwa kila dola. Kwa kuwa majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya fedha ya tiketi, na matangazo nayo hugharimu, hakuna shaka kwamba faida imekonda. Lakini biashara inayorudisha mara tatu na nusu haijafilisika.

Mtego wa tatu ni kuitazama filamu peke yake. Mwaka 2014 kampuni ilitangaza kwamba mchezo wa jukwaani umekwisha kuingiza zaidi ya dola bilioni 6 duniani, kiasi ambacho hakuna filamu yoyote moja iliyokuwa imekifikia kwa tiketi. Kwa hiyo tawi la jukwaani limekuwa kubwa kuliko shina.

Zaidi ya hayo, daftari halisemi lolote kuhusu watazamaji ambao hawakupita dirisha la tiketi. Katika Tanzania ya miaka ya 1990, majumba mengi ya sinema yalikuwa yakififia, na watu wengi walizipata filamu za kigeni katika vibanda vya video, kwa kanda zilizonakiliwa. Baadaye walitokea wasimulizi waliozifasiri filamu za namna hiyo kwa Kiswahili papo kwa papo. Lufufu wa Dar es Salaam ndiye aliyepata umaarufu mkubwa zaidi. Kwa mhasibu watazamaji hao ni sifuri. Kwa mwanahistoria wa lugha, hao ndio waliozirudisha filamu za kigeni katika Kiswahili.

4. Kipimo cha kudumu

Kuna kipimo kingine kinachotumiwa na wafanyabiashara wa sinema, nacho ni kulinganisha mapato ya wikiendi ya kwanza na mapato yote. Wikiendi ya kwanza hupima hamu iliyojengwa na matangazo na jina. Wiki zinazofuata hupima neno la mdomo, yaani yale ambayo aliyeiona humwambia ambaye hajaiona.

Nchini Marekani na Kanada, filamu ya mwaka 1994 ilipata takriban dola milioni 41 katika wikiendi yake ya kwanza ya kuonyeshwa kila mahali, na hadi mwisho wa toleo hilo ikafika milioni 313, yaani zaidi ya mara saba. Ile ya mwaka 2019 ilianza kwa kishindo cha dola milioni 192, ikamaliza kwa milioni 544: hazikufika mara tatu. Mufasa ilianza kinyonge kwa dola milioni 35 hivi, ikazidiwa na filamu nyingine iliyotolewa wikiendi hiyo hiyo, na wengi wakaitangaza kuwa imeanguka. Miezi michache baadaye ilikuwa imefikisha takriban milioni 254, mara saba ya ilivyoanza.

Ni kweli kwamba filamu za Desemba hufaidika na likizo, na kwa hiyo ulinganisho huu hauna budi kufanywa kwa tahadhari. Hata hivyo, mwelekeo unaonekana. Filamu ya mwaka 2019 ilisimulia upya kisa kile kile, na watu waliikimbilia kwa sababu ya jina. Mufasa ilileta kisa kipya, na watu waliijia taratibu kwa sababu ya kuambiana. Ya kwanza ilitumia akiba iliyokwisha kuwekwa. Ya pili, kwa kiasi chake kidogo, iliongeza akiba. Mwenye kutazama wingi atasema mwaka 2019 ndio uliokuwa wa afya. Mwenye kutazama kudumu atasita.

5. Somo la simba wa Kreta

Kusita huko kunaweza kuelezwa vizuri zaidi kwa mfano wa simba wenyewe. Sakafu ya Kreta ya Ngorongoro ina kilomita za mraba zipatazo 260, na imezungukwa na kuta zenye kimo cha karibu mita 600. Mwaka 1962, mwaka ule ule wa Hatari!, baada ya mvua nyingi, nzi wanaouma waliongezeka kupita kiasi na kuwadhoofisha simba hadi wakabaki takriban kumi. Katika miaka michache iliyofuata madume wachache waliingia kutoka nje, kisha mlango ukawa kama umefungwa. Windo lilikuwa tele, na simba wakaongezeka upesi hata kufikia na kupita 100 katika miaka ya mwanzo ya 1980.

Kwa mtalii aliyesimama ukingoni, huo ulikuwa ushahidi wa afya njema. Lakini Craig Packer na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1991, walionyesha kwamba simba wote hao walitokana na wazazi 15 tu, na kwamba kuzaliana kwa ndugu kulikuwa kumepunguza utofauti wao wa kinasaba na kuathiri uzazi wao. Tangu katikati ya miaka ya 1980 idadi ilishuka tena mara kadhaa kwa maradhi. Wingi haukuwa afya. Afya ilikuwa katika kuingia kwa damu mpya, na damu mpya ilihitaji njia ya kupita katika ardhi ya wafugaji kati ya Kreta na Serengeti. Ndiyo sababu mradi wa KopeLion, ulioanza mwaka 2011, unawaajiri vijana wa jamii za wafugaji, wakiwemo waliowahi kuwinda simba, ili wawalinde simba na mifugo kwa pamoja.

Ukoo wa filamu uliojifungia ndani ya kisa kimoja una hatari ya namna hiyo. Unaweza kujaza majumba kwa msimu mmoja, na hesabu ikapendeza, ilhali uwezo wake wa kuzaa kisa kingine unapungua. Nao pia hupata damu mpya kutoka nje ya kuta zake. Sehemu ya damu hiyo, tangu mwanzo, imekuwa ni lugha za Kiafrika.

6. Mtaji wa maneno

Wachoraji wa filamu ya kwanza walizuru Kenya, lakini sauti ya Afrika katika filamu ile iliundwa kwa lugha mbili zisizoishi pamoja: Kizulu katika nyimbo za kwaya, kwa mchango wa Lebo M, na Kiswahili katika majina. Simba na Rafiki ni maneno ya kila siku. Sarabi, mama yake Simba, ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mazigazi. Pumbaa ni kitenzi kinachoelezea hali ya kuduwaa au kupumbazika, kilichogeuzwa kuwa jina bila kiambishi chochote. Katika filamu ya mwaka 1998 waliongezwa Kovu na Vitani. Katika The Lion Guard kiboko aliitwa Beshte, neno la mitaani Kenya, na maneno ya Kiswahili yakawa sehemu ya kawaida ya mazungumzo ya wanyama. Katika Mufasa, nchi ya ahadi inayotafutwa na wahusika inaitwa Milele. Inafaa izingatiwe kwamba kila ukoo ulipohitaji kitu kipya, ulirudi tena kuchota katika kisima hiki.

Hakuna ubaya kwa lugha kuazimwa. Kiswahili chenyewe ni bingwa wa kuazima. Tatizo ni kile kinachoachwa njiani. Fisi mmoja wa filamu ya mwaka 1994 anaitwa Shenzi. Katika upwa wa Afrika Mashariki, mshenzi lilikuwa jina la dharau walilopewa watu wa bara, wakiwemo waliotekwa na kuuzwa utumwani, na lilitumiwa kinyume cha mstaarabu. Wakoloni walilirithi na kulitumia kwa Waafrika wote. Kwa mtoto wa Chicago, Shenzi ni jina la kuchekesha. Kwa mzee wa Karatu, ambaye alizaliwa bara na huenda aliwahi kuitwa hivyo, ni neno lenye kidonda.

Hakuna matata nayo ina historia yake. Mzizi tata umetoa tatizo, utata na matata, na sentensi hiyo ni Kiswahili sahihi. Hata hivyo, Mtanzania wa kawaida husema hamna shida, hakuna tatizo au hamna neno. Msemo wenyewe ulienea kimataifa kwanza kwa wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms la pwani ya Kenya, mwaka 1982, uliotungwa kwa ajili ya masikio ya watalii. Disney iliukuta tayari sokoni. Mwaka 1994 iliomba kuusajili nchini Marekani kuwa alama ya biashara kwa mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala aliandaa ombi la kuupinga, nalo likatiwa saini na watu zaidi ya laki moja. Kisheria, alama ya biashara haimzuii mtu kusema maneno yake. Huzuia wengine kuyauza juu ya bidhaa za aina ile katika nchi ile. Lakini ubishi ule ulidhihirisha jambo ambalo daftari la mapato haliwezi kulificha: msemo usio na thamani haugombaniwi. Hali kadhalika, warithi wa Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi Mbube mwaka 1939 na kufariki maskini mwaka 1962, walifungua kesi mwaka 2004 kwa sababu wimbo uliotokana na wake ulitumiwa katika The Lion King, na mwaka 2006 wakafikia mapatano yaliyowapa malipo. Linda alikuwa na warithi wanaojulikana kwa majina. Lugha haina warithi wa namna hiyo.

Katika njia ya Karatu na Ngorongoro, wazungumzaji wamejibu kwa njia yao. Waongoza watalii wanapowasiliana kwa redio kuhusu mahali mnyama alipo, mara nyingi hawasemi simba. Husema sharubu. Chui naye huwa madoadoa. Sababu ni ya kikazi: mgeni anayelijua neno simba ataruka kitini kabla ya wakati, na asipomwona atanung'unika. Filamu imelifanya neno la Kiswahili kuwa mali ya abiria. Dereva akatunga jingine. Hapa panaonekana afya ya aina mbili kwa mara moja. Jina la kibiashara lina nguvu hata limewalazimisha wenye lugha kuhama neno lao, na lugha ina nguvu ya kuhama bila kupungukiwa.

7. Hitimisho

Vipimo hivi vikikusanywa, hukumu inayofaa ni ya wastani. Kwa wingi wa tiketi, ukoo wa The Lion King ulishuka baada ya mwaka 2019, na kwa faida ya kila dola umekuwa ukishuka tangu mwanzo. Kwa kudumu, bado uko hai: jukwaa limedumu kwa zaidi ya robo karne, na filamu iliyotabiriwa kufa mwezi Desemba 2024 ilijirudisha kwa miguu yake. Kwa mtaji wa maneno, haujaonyesha dalili ya kuchoka, kwa kuwa kisima chenyewe hakijakauka.

Limebaki jambo moja ambalo ni zito kuliko hesabu. Nyika ya filamu hizi haina mtu hata mmoja. Simba wanatawala, wanyama wanainama, na hakuna ng'ombe, boma wala mtoto anayechunga. Ngorongoro halisi iliundwa kisheria mwaka 1959 kwa wazo lililo kinyume cha hilo, na tangu mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamishiwa Msomera wilayani Handeni, suala la nani aishi humo limekuwa la mabishano makali. Si haki kuitwisha filamu ya watoto lawama ya maamuzi ya serikali. Lakini ni haki kutambua kwamba mgeni anayefika Lodoare akiwa na maneno matatu ya Kiswahili na picha ya nchi isiyo na watu amefundishwa nusu tu. Maneno aliyoyabeba yalitungwa na watu, nao wangali wapo.

Kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili ni kuiandika nusu ya pili: kukusanya msamiati wa redio ya waongoza watalii, kufuatilia maana za majina haya yanaporudi nyumbani, na kuyaweka katika kamusi pamoja na historia yake. Wahasibu wa filamu wana daftari lao, na hulifunga kila mwisho wa mwaka. La lugha hufunguliwa upya kila asubuhi, magari yanapopanda kutoka Karatu na dereva anaposhika redio na kuuliza sharubu wako wapi.